Redio ya Masafa Mafupi Niliyonunua Kampala: Miezi Minane Baadaye

Niliinunua Jumamosi ya tarehe 1 Machi 2025, katika duka dogo la vifaa vya umeme karibu na Old Taxi Park, Kampala. Kijana wa duka alianzia shilingi 150,000, tukavutana mpaka 110,000. Alinishangaa. "Nyabo, habari siku hizi ziko kwenye simu," akaniambia huku akinionyesha spika zenye taa za rangi. Nikamwambia, mwanangu, nishushie ile ya juu kabisa, yenye antena ndefu na mkono wa kuzungusha. Akapanda kwenye kiti, akaipangusa vumbi, akanipa.

Watu wengi wanauliza kama redio za namna hii bado zina faida, hasa sasa, Novemba 2025, tunapokaribia uchaguzi wa Januari 2026. Kila mtu anakumbuka 2021, intaneti ilivyozimwa tarehe 13 Januari, tukaamka kesho yake kwenda kupiga kura bila kujua wilaya ya pili kuna nini. Nitasema niliyoyaona, mazuri na mabaya, pamoja na jambo moja ambalo mwanzoni nilidhani ni ubovu wa redio.

Kwanza mjue anayeandika. Nimezaliwa 1962 katika kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alikuwa koplo, mama aliuza mandazi kambini, na lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo ndiyo lugha niliyochezea utotoni. Nilipokua nami nikavaa sare, nikakaa miaka 27 nikiwa opareta wa redio koli. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza: kutofautisha mvua ya mbali na betri inayokufa, waya uliokatika na mtu aliyenyamaza kwa makusudi. Sasa nimestaafu, naishi Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, barabara ya Gulu. Nikisema redio inapokea vizuri au vibaya, sikisii.

Kwa umbo ni kama mkate wa kilo moja. Ina FM, masafa ya kati na masafa mafupi. Haina namba za kung'aa, ina mshale mwekundu unaotembea nyuma ya kioo, na mimi naupenda mshale kwa sababu mkono unajifunza mahali pa stesheni hata gizani. Gurudumu la kutafutia stesheni ni laini, halirukiruki. Spika yake ni ya maneno, si ya muziki: mtu akizungumza unasikia hata anavyovuta pumzi, lakini ngoma inasikika kama debe. Tochi ni nzuri mno, nimeitumia mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu nguvu, betri yake ikijaa inakaa jioni nne au tano. Kioo cha sola kilichoko juu ni kidogo. Kutwa nzima juani juu ya bati kinanipa saa tatu za kusikiliza, basi. Mkono wa kuzungusha unafanya kazi kweli, ila ni wa plastiki, na Juni ulipasuka. Nimeufunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli na bado unazunguka. Hilo ni kosa la mtengenezaji, na kwa bei hii wangeweza kuweka chuma.

Antena yake peke yake haitoshi huku kwetu. Nunueni waya wa shaba kama mita 12, mfunge upande mmoja juu ya mti, upande mwingine mshike antena kwa kibanio kidogo cha chuma. Wangu unatoka kwenye mwembe mpaka dirishani. Tofauti yake ni kama kufungua mlango.

Kwa waya huo, jioni ya kwanza nilipata China, Ujerumani, na Sauti ya Amerika kwa Kiswahili. Hiyo ya mwisho nilibandika kipande cha plasta pembeni ya kioo ili nisiipoteze. Jirani yangu, mama mmoja mkimbizi kutoka Bunia, Kongo, ambaye amekuja Uganda na watoto wanne, alisikia Kiswahili kupitia ukuta, akaja na kigoda chake. Toka hapo kila jioni tulikaa wawili, yeye akichambua maharage, mimi nikiangalia mshale.

Jumapili ya tarehe 16 Machi nikaweka mshale kwenye plasta, nikapata mikwaruzo mitupu.

Nilifanya nilivyofundishwa. Niliangalia waya, uko sawa. Nilibadilisha kibanio. Nilihamia China, ikaja safi. Nilihamia Ujerumani, ipo. Nikarudi kwenye plasta: kimya. Nikajiambia labda hali ya anga. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Nikadhani kipande kile cha masafa kimekufa ndani ya redio, maana hutokea. Nikapanda basi, zaidi ya kilomita 200, nikairudisha Kampala.

Hapa nataka kulisifu duka. Yule kijana hakunikana. Alinipeleka kwa fundi wao, mzee mtulivu mwenye meza iliyojaa bisibisi, naye akaifungua mbele yangu, akapima, akalinganisha na redio nyingine mpya kutoka kwenye boksi. Zote mbili zilinyamaza mahali pale pale. "Mama, redio yako ni nzima," akasema. "Hawa watu hawarushi." Hakunidai hata shilingi.

Ilinibidi nimsikie Mjerumani ndipo nielewe. Ijumaa ya tarehe 14 Machi, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kulipunguza shirika la serikali linalosimamia Sauti ya Amerika mpaka pale sheria isiporuhusu kupunguza zaidi. Jumamosi wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakaambiwa wakae nyumbani. Stesheni iliyokuwa hewani tangu 1942, iliyokuwa ikitangaza kwa lugha 49, ikazimika. Mkurugenzi wake, Michael Abramowitz, alisema ni mara ya kwanza katika miaka 83 kunyamazishwa. Jaji Royce Lamberth aliamuru Aprili kwamba kazi irudishwe, lakini Juni barua za kuachishwa kazi zikaenda kwa watu 639. Lugha chache zikarudi kidogo. Kiswahili kwenye plasta yangu sijakisikia tena.

Mnaweza kuuliza, bibi huyu ameahidi kutuambia habari za redio, mbona yuko Washington? Kwa sababu redio ni sanduku. Thamani yake ni kile kinachofika ndani yake, na mimi nimepungukiwa na kitu ambacho nilikizoea maisha yangu yote.

Baba alikuwa na redio ya mbao. Asubuhi ya tarehe 25 Januari 1971 ilitoa muziki wa kijeshi, kisha askari akasoma sababu 18 za kumpindua Rais Obote. Nilikuwa na miaka minane. Toka siku hiyo baba hakuiamini tena redio ya nchi kwa jambo lolote linalomhusu mkubwa. Jioni alikuwa akiwasikiliza Wamarekani wakiwasema Warusi, kisha anahamia Moscow, ambayo nayo ilikuwa na Kiswahili chake, kuwasikia Warusi wakiwasema Wamarekani. Kila mmoja alijua maovu ya mwenzake, kwa hiyo kwa kuwasikiliza wote wawili ulipata kitu.

Lakini Agosti 1974 tulisikia jambo jipya. Nilikuwa na miaka 12, Amin yuko madarakani, na baba alikuwa amepunguza sauti mpaka tunasikiliza kwa kuegemea. Sauti ya Amerika, redio inayolipwa na serikali ya Marekani, ilikuwa inaeleza kwamba Rais Richard Nixon amejiuzulu. Mahakama Kuu kabisa ya nchi yake ilikuwa imemwamuru atoe kanda zilizonasa mazungumzo yake mwenyewe, majaji wote wanane waliosikiliza kesi wakakubaliana, wakiwemo aliowateua yeye, naye akatii. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mama, "Umesikia? Ni redio yao wenyewe inayosema." Mama akamwambia azime kabla mtu hajapita.

Hicho ndicho kilichozimwa Machi. Sisemi Sauti ya Amerika ilikuwa malaika. Ilianzishwa vitani, ikatumika katika ule ugomvi wao na Moscow, na kuna mambo ya Afrika iliyoyapita kimya pale rafiki wa Marekani alipokuwa ndiye mkosaji. Lakini mwaka 1976 walijiwekea sheria, Rais Gerald Ford akaitia saini, kwamba habari zake lazima ziwe sahihi, zisiegemee upande, na zionyeshe nchi nzima na si kikundi kimoja. Redio ya serikali inayoisema serikali kwa mujibu wa sheria: katika miaka yangu 63 sijaona nyingi. Na usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari 2021 kwa saa zetu, ilitueleza kwa Kiswahili fasaha jinsi watu walivyovunja madirisha ya Bunge la Marekani ili kuzuia matokeo ya uchaguzi yasithibitishwe. Haikuficha aibu ya nyumba yake. Siku sita tu baadaye, kwetu intaneti ikakatwa.

Wale wavunja madirisha walisamehewa tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile Trump alipoapishwa kwa mara ya pili, watu wapatao 1,500. Februari waandishi wa shirika la habari la AP walizuiwa kuingia ofisini kwa rais kwa kukataa kuiita Ghuba ya Mexico jina jipya alilolitaka yeye. Machi ikaja zamu ya Sauti ya Amerika. Julai Bunge lao likafuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa redio na televisheni za umma. Mimi nimekaa kwenye chumba cha redio, najua mpangilio wa kunyamazisha mtu: huanzi na wote, unaanza na yule ambaye wengine hawatamlilia.

Urusi ilipita njia hiyo kabla yao. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika 1991, Warusi walipata televisheni na redio zilizothubutu. Aprili 2001, mwaka mmoja tu baada ya Vladimir Putin kuchaguliwa, televisheni ya NTV iliyokuwa ikimkosoa ikaingia mikononi mwa kampuni ya gesi ya serikali. Machi 2022, siku chache baada ya kuivamia Ukraine, redio ya Ekho Moskvy ikaondolewa hewani. Kati ya 2001 na 2022 kuna katiba iliyorekebishwa 2020 ili hesabu ya vipindi vya rais ianze upya. Marekani haijafika huko. Mahakama zao bado zinatoa hukumu dhidi ya rais na magavana bado wanambishia. Lakini mwaka huu, Juni, walipoingiza kikosi cha akiba cha taifa watu wapatao 4,000 pamoja na wanamaji 700 Los Angeles bila gavana wa California kutaka, moyo wangu wa kipolisi ulishtuka. Askari wa vita hajafundishwa kusimama mbele ya raia anayepiga kelele. Hilo nalijua kwa macho yangu, na sikutarajia kulisikia likitoka kule.

Nilimweleza jirani yangu yote haya. Yeye aliuliza swali moja tu: je, ndiyo sababu ya chakula?

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Amri ya kusimamisha misaada ya nje ilitoka siku ile ile ya kuapishwa. USAID, shirika la misaada ya nje la Marekani lililoundwa chini ya Rais Kennedy mwaka 1961, lilivunjwa ndani ya miezi michache, na tarehe 1 Julai likamezwa rasmi na wizara ya mambo ya nje. Bunge ndilo lililokuwa limepitisha fedha zile. Rais alizizuia, na Bunge lenye wengi wa chama chake likatazama. Marekani ndiyo iliyokuwa ikichangia zaidi Mpango wa Chakula Duniani, na nchi nyingine tajiri nazo zikapunguza. Uganda, nchi yenye wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote Afrika, wakimbizi wapatao milioni moja wakaondolewa kwenye mgao mwaka huu huu. Jirani yangu ni mmoja wao. Kwa hiyo nikamwambia ndiyo, mama, kwa sehemu kubwa ndiyo sababu. Mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuzizuia fedha zilizopitishwa na Bunge lake, sahani yako wewe uliyekimbia Bunia imo ndani ya kalamu yake. Akaendelea kuchambua maharage. Siku hizo yalikuwa ya vikombe viwili, si vinne.

Kuna jingine linalotuhusu sisi wenyeji. Mwaka 2021 ubalozi wa Marekani hapa ulifuta mpango wake wa kuangalia uchaguzi kwa sababu zaidi ya asilimia 75 ya watu wake walinyimwa vibali, na ukasema hadharani. Miezi mitatu baadaye wakawawekea baadhi ya maofisa wetu vikwazo vya viza. Wapo waliokasirika, wakauliza Marekani ni nani hata atuhukumu, na katika hilo wana hoja: kwa miaka mingi waliwalipia askari wetu walioko Somalia bila kuuliza maswali magumu. Ila neno lilisemwa, likasikika, na mkubwa aliyetaka kufanya vibaya alilazimika walau kulitafutia jibu. Julai mwaka huu, chini ya Waziri wao wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, balozi zao ziliagizwa zisitoe maoni kama uchaguzi wa nchi nyingine ulikuwa huru na wa haki, isipokuwa pale Marekani ina maslahi ya wazi. Agosti serikali yetu ikatangaza makubaliano ya kupokea baadhi ya watu wa nchi nyingine watakaofukuzwa Marekani. Januari tunapiga kura. Mimi ni mstaafu wa serikali, sina kadi ya chama, lakini najua kusikiliza, na nasema kimya cha namna hii sijakisikia tangu nianze kushika redio.

Basi nirudi kwenye sanduku lenyewe, maana mtu atatoa pesa yake.

Hivi sasa kwa Kiswahili mtakachopata jioni, kama waya wenu uko juu vya kutosha, ni China kwanza. Inakuja kama inarushwa kutoka Kigumba hapo jirani, haitikisiki. Watangazaji wake ni hodari, Kiswahili chao kimenyooka, na wako hewani tangu 1961. Sijawahi kusikia kwao neno baya juu ya serikali yao. Ujerumani inapanda na kushuka, usiku wa mvua inapotea kabisa, lakini ndiyo tunayoifuata sasa, na kwao nimesikia serikali ya Ujerumani ikisemwa na redio inayolipiwa na fedha ya umma wa Ujerumani. Japani naipata siku moja moja. Iran ipo. Kwenye FM hapa Bweyale hamna tatizo, stesheni zinajaa, na nyingine zinajiunga na matangazo ya nje kwa saa fulani. Ila anayefungua na kufunga FM yuko karibu, naye ana leseni ya kulinda. Masafa mafupi yanaruka mipaka, ndiyo maana nayapenda.

Kwa hiyo, mnunue? Ndiyo. Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ule mkono wa plastiki na sola ndogo. Kwa kupokea mawimbi, kwa bei hii, sijaona ya kuishinda. Duka nalo nalipatia zote tano, kwa yule kijana na yule fundi walionihudumia kama mama yao. Mkienda, msikubali ya kwanza mtakayopewa: zungusheni mkono mara ishirini mbele ya muuzaji, sikilizeni kama meno yanasaga, vuteni antena mpaka mwisho muone kama inalegea shinani. Ulizeni kama betri inauzwa peke yake, maana itachoka kabla ya redio. Waya wa shaba nunueni hapo hapo, huku vijijini ni ghali.

Plasta sijaibandua. Jirani yangu aliniuliza wiki iliyopita kwa nini kila jioni, kabla ya kwenda kwa Wajerumani, napitisha kwanza mshale pale na kusubiri kidogo. Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa kazini: kituo kikinyamaza, unakiita kila zamu, unaandika saa kwenye daftari, mpaka kijibu au ukabidhi zamu kwa mwingine. Daftari ninalo. Jana nimeandika saa moja na nusu jioni, hakuna.